Shajara ya mradi: Kuzungumzia tamthilia uipendayo kwa Kiingereza cha mazungumzo, darasa la waongoza watalii, Moshi

Mwishoni mwa Machi

Masika yameanza, wageni wa mlimani wamepungua, na kwa sababu hiyo waongoza watalii na wagumu wengi, yaani wapagazi wa mlimani, wamo mjini au katika vijiji vya Marangu, Machame na Kibosho. Huu ndio wakati wa mwaka ambapo darasa linaweza kukaa pamoja kwa majuma mfululizo, kwa kuwa ifikapo Juni kila mmoja atakuwa amefuata kundi lake mlimani. Mradi unaoanza sasa una lengo moja tu: mshiriki aweze kuzungumza na mgeni kwa Kiingereza cha kawaida, bila karatasi mkononi, kuhusu tamthilia ya televisheni anayoipenda, na mazungumzo hayo yaende mbele na nyuma kama yaendavyo kati ya watu wawili wanaofahamiana.

Lengo hili laweza kuonekana dogo kwa asiyeijua kazi ya mlimani. Kwa kanuni za hifadhi mgeni hapandi Kilimanjaro bila mwongozaji mwenye leseni. Katika njia ya Marangu, kutoka langoni hadi vibanda vya Mandara ni mwendo wa saa tatu au nne ndani ya msitu, na siku ya pili, kutoka Mandara hadi Horombo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 3,700, mwendo ni mrefu zaidi. Saa zote hizo mgeni na mwongozaji wake wako pamoja. Washiriki wetu wanakijua vizuri Kiingereza cha kazi: kunywa maji, kutembea polepole, dalili za ugonjwa wa mwinuko, nguo za usiku wa kuelekea kileleni. Kiingereza hicho hukamilika mapema. Baada ya hapo mgeni huanza kuuliza mambo ya kibinadamu, una watoto, unapenda muziki gani, nyumbani jioni mnatazama nini, na hapo ndipo mtu aliyeeleza vizuri sana habari za mapafu na oksijeni anapobaki na jibu la maneno mawili.

Wengi walipendekeza tuanze na mpira wa miguu. Mpira tutaufikia, lakini mazungumzo ya mpira huweza kuishi kwa majina ya timu na mabao peke yake, na mtu akadhani anazungumza ilhali anataja orodha. Tamthilia humdai msemaji zaidi. Lazima aeleze watu ambao msikilizaji hawajui, asimulie kisa, aseme nani ana haki na nani hana, na aeleze kwa nini jambo hilo linamgusa. Mtu akiweza hayo, mpira hautamshinda.

Tumekubaliana kwamba mfano wetu wa pamoja uwe tamthilia ya vichekesho ya Friends, iliyorushwa na NBC ya Marekani kuanzia 22 Septemba 1994 hadi 6 Mei 2004, misimu 10 yenye sehemu 236. Sababu ya kwanza ni kwamba inajulikana mno: Mmarekani, Mwingereza, Mjerumani au Mholanzi anayepanda mlima leo ama ameitazama ama amekulia katika nyumba iliyokuwa ikiitazama. Sababu ya pili ni kwamba karibu yote ni mazungumzo ya watu sita waliokaa sebuleni au mgahawani. Hakuna risasi wala magari yanayokimbizana, na anayetaka kusikia jinsi watu wanavyojibizana atasikia hilo tangu mwanzo hadi mwisho. Sababu ya tatu ni urefu wake. Sehemu moja huchukua kama dakika 22, nasi tunaweza kuitazama mara mbili katika jioni moja na bado tukabaki na muda wa kuzungumza.

Mshiriki wetu mwenye umri mkubwa kuliko wote, ambaye darasa zima linamwita Meku, alikumbusha kwamba mwaka huo wa 1994 ndio vituo binafsi vya televisheni vilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara, wakati Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu 1973. Yeye alikuwa tayari mtu mzima. Kwake swali la tamthilia uipendayo si swali la utotoni kama lilivyo kwa mgeni wake, na jambo hilo litatusaidia, kwa sababu tofauti kama hiyo yenyewe inatosha kuanzisha mazungumzo.

Mwanzoni mwa Aprili

Tumerekodi mazungumzo ya kwanza kwa simu, wawili wawili, kabla ya kufundisha chochote. Jibu lililojirudia kwa wengi lina umbo hili: "My favourite show is Friends. It is very interesting. It has six main characters." Kisha kimya. Sarufi haina kasoro. Hata hivyo msikilizaji hana pa kushika, maana kila sentensi imefunga mlango wake.

Umbo hili lina asili yake. Katika shule za serikali mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, na Kiingereza anachokutana nacho tangu hapo ni cha kujibu: swali la mwalimu, swali la mtihani, swali la usaili wa kazi. Kujibu ni kumaliza, na anayejibu kwa ukamilifu hupewa alama. Katika mazungumzo, jibu lililokamilika mno humwachia mwenzako kazi yote ya kutafuta la kusema.

Watu hao hao, tulipowapa mapumziko ya chai, walikaa nje wakibishana kwa Kiswahili kuhusu tamthilia ya Jua Kali ya kituo cha Maisha Magic Bongo, kila mmoja akimkatiza mwenzake, akiigiza sauti za wahusika, akiapa kwamba fulani alistahili yaliyompata. Nililisikiliza baraza hilo kwa makini, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na kila kitu tunachotaka kukifundisha. Hawakosi uwezo wa kuzungumzia tamthilia. Wanachohitaji ni njia ya kuupitisha uwezo huo katika Kiingereza, na tangu siku hiyo kila zoezi tunalolitunga tunalipima kwa kigezo kimoja: je, linafanana na baraza la chai au linafanana na usaili?

Zoezi la kwanza ni kumjibu mwenzako, kuongeza jambo moja dogo la maisha yako, kisha kumrudishia neno. "I'm really into Friends. My sister got me started on it when we shared a room. How about you, do you watch much TV?" Jambo dogo la maisha ndilo lenye uzito hapa, kwa sababu mgeni atalishika hilo: atauliza habari za dada, au za chumba, au atasimulia ya kwake. Darasa limelipokea zoezi hili haraka kuliko tulivyotarajia.

Katikati ya Aprili

Majuma haya yote tumekaa kwenye usimulizi, nami naona ni haki kukaa hapa, kwa sababu ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapoachana waziwazi.

Kisa tulichokichagua ni cha sehemu ya kwanza kabisa. Rachel anakimbia harusi yake mwenyewe, anaingia katika mgahawa wa Central Perk akiwa bado amevaa shela, anamkuta Monica aliyesoma naye sekondari, anahamia kwake, na baadaye anapata kazi ya kuhudumia wateja pale pale mgahawani. Ross, kaka yake Monica, ameachwa na mkewe karibuni, na amempenda Rachel tangu enzi za shule bila kupendwa. Kwa Kiswahili mshiriki yeyote anakisimulia kisa hiki kwa pumzi moja: alikimbia, akaingia, akamkuta, akahamia. Kiambishi -ka- hubeba mfuatano wote, na msikilizaji hachoki kwa sababu sauti ya -ka- yenyewe humvuta mbele.

Kiingereza hakina kitu cha namna hiyo, na mshiriki anayetafuta mbadala wake huishia kwenye "and then" baada ya kila kitenzi, hata kisa kikawa kizito kukisikiliza. Zaidi ya hayo, wasemaji wa Kiingereza wanapoeleza kisa cha tamthilia au filamu mara nyingi hukiweka katika wakati uliopo: "So she runs out on her own wedding, walks into this coffee shop in the dress, and it turns out her old friend from high school is sitting right there." Tumewafundisha washiriki kuingia katika wakati uliopo na kubaki humo, na badala ya kuunganisha kwa neno moja linalojirudia watumie "so", "but", "meanwhile" na "it turns out". Hilo la mwisho limependwa sana. Linafanya kazi ambayo msimuliaji wetu huifanya kwa kushusha sauti na kusema "kumbe", na aliyelizoea "kumbe" hahitaji kufundishwa mahali pa kuliweka.

Ugumu wa pili ni wa nafsi. Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke katika vitenzi wala katika "yeye", na mtu anayekifikiri kisa kwa Kiswahili hulazimika kufanya uamuzi ambao lugha yake haijawahi kumdai. Katika maelezo ya mlima jambo hili hufichika, kwa kuwa mhusika mkuu ni mgeni mwenyewe, "you". Katika tamthilia yenye wanawake watatu na wanaume watatu wanaopendana na kuachana, "he" ikikaa mahali pa "she" kisa kizima hupinduka. Tumebandika ukutani picha za wahusika sita, Rachel, Monica na Phoebe upande mmoja, Ross, Chandler na Joey upande wa pili, na msimuliaji husimama kati yao akielekeza mkono kabla ya kutamka kiwakilishi. Kwanza husema taratibu, kisha kwa kasi ya kawaida, mwishowe bila mkono. Sentensi kama "She finds out he's liked her since high school, but by then he's with someone else" ilikuwa mtihani wa juma zima. Mhudumu mmoja wa jikoni la mlimani, ambaye kwa kawaida ni mkimya, ndiye aliyeishinda kwanza, na sasa anawasahihisha wenzake kwa kuwanyooshea picha.

Kuhusu -na- sitaandika mengi. Kiambishi hicho hubeba lifanyikalo sasa na lifanyikalo siku zote, kwa hiyo washiriki husema "I am watching it every Sunday". Mifano michache imetosha.

Mwishoni mwa Aprili

Katika mazoezi ya wawili wawili lilijitokeza jambo ambalo naliona kubwa kuliko mada ya tamthilia yenyewe. Mmoja alimuuliza mwenzake, "You haven't seen the last season?" Akajibu, "Yes." Alimaanisha: ndiyo, ni kama usemavyo, sijauona. Kwa Kiswahili jibu hilo ni sahihi kabisa, kwani "ndiyo" huthibitisha kauli ya muulizaji, iwe ya kukubali au ya kukanusha. Kwa msikilizaji wa Kiingereza maana yake ni kinyume chake au ni utata, naye ataendelea kuzungumzia mwisho wa tamthilia akiamini kwamba anazungumza na mtu aliyeuona.

Tumeamua kwamba katika maswali ya kukanusha mshiriki asijibu kamwe kwa neno moja. Aseme "No, I haven't" au "Yes, I have", kwa kuwa kitenzi kisaidizi huondoa shaka. Kisha Meku akatuhamishia mlimani. Alisema mwongozaji anapomuuliza mgeni "You don't have a headache?" na mgeni akajibu "No", mgeni anasema hana maumivu, lakini sikio lililolelewa kwa Kiswahili laweza kusikia kwamba anakataa kauli ya kutokuwa nayo, yaani kichwa kinamuuma. Kwenye vibanda vya Kibo, mita 4,700, utata huo haufai hata kidogo. Tumeongeza somo fupi nje ya mada: maswali ya afya yaulizwe kwa kukubali, "Do you have a headache?", na mgeni akijibu kwa neno moja arudishiwe kwa sentensi kamili ili athibitishe. Washiriki wameomba somo hili liandikwe katika karatasi yake peke yake, nasi tumeliandika.

Mwanzoni mwa Mei

Sasa tuko kwenye kusikia na sauti. Tunatazama sehemu moja tukiwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, kisha tunaondoa maandishi na kuirudia. Kicheko cha watazamaji waliokuwa studioni kina faida ambayo sikuwa nimeifikiria: waigizaji hulazimika kungoja kicheko kipungue, na mwanafunzi hupata nafasi ya kulichambua neno alilolisikia kabla ya jingine kuja.

Chandler, aliyeigizwa na marehemu Matthew Perry, ametupa somo la mkazo. Mzaha wake maarufu hutegemea kulipa nguvu neno ambalo kwa kawaida hupita bila kusikika, kama katika "Could this BE any hotter?" Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na tunapotaka kusisitiza jambo tuna "ndi-": huyu ndiye, hapo ndipo, hivyo ndivyo. Kiingereza mara nyingi huiachia sauti kazi hiyo. Tumechukua sentensi moja, "I never said she was the best character", tukaitamka mara nyingi huku mkazo ukihama kutoka neno hadi neno, na baada ya kila utamkaji darasa lilisema kwa Kiswahili maana yake imegeuka vipi. Ilichukua jioni nzima na ilistahili.

Mwalimu mwenzangu aliuliza swali la haki: je, watu hawa wa tamthilia wanazungumza kama wanavyozungumza Wamarekani wa kweli? Swali hilo limechunguzwa. Mwaka 2009 mwanaisimu Paulo Quaglio alichapisha ulinganisho wa mazungumzo ya Friends na mazungumzo halisi ya Kimarekani, akaonyesha kwamba sifa kuu za mazungumzo ya ana kwa ana zimo katika tamthilia, isipokuwa tamthilia ina maneno mengi zaidi ya hisia, ina machache ya yale maneno yasiyo na mipaka ambayo watu hujazia mazungumzo yao, na ina usimulizi mdogo. Kabla yake, mwaka 2005, Sali Tagliamonte na Chris Roberts walichunguza maneno ya kutia nguvu vivumishi katika tamthilia hiyo hiyo, wakakuta kwamba "so" ndilo lililotumika zaidi, na wahusika wa kike walilitumia kuliko wa kiume.

Matokeo hayo yamebadili mpango wetu wa kazi. Friends tunaichukulia kuwa chanzo cha miitikio: mshangao, furaha, huruma, kukataa. "That's so sad" na "No way!" zinafundishika moja kwa moja kutoka skrini. Kwa usimulizi na kwa maneno ya kulegeza, "kind of", "I guess", "or something", "you know", tunahitaji sauti za watu wasioandikiwa maneno, na tumewaomba wageni waliokaa mjini kwa ajili ya kazi za kujitolea waturuhusu kuwarekodi wakizungumzia tamthilia zao. Wamekubali, na rekodi hizo zina thamani kubwa kuliko nilivyoweza kueleza nilipoziomba. Katika moja yao mama mmoja anatafuta jina la mhusika, halimjii, anasema "the guy with the, you know, the neighbour, the one who's always eating", na mwenzake anaelewa na kucheka. Washiriki wetu walitulia waliposikia hivyo. Kumbe mwenye lugha yake pia hukwama, na ana njia ya kukwamuka.

Katikati ya Mei

Majina ya sehemu za Friends yamekuwa chombo chetu bora. Karibu yote huanza kwa "The One Where" au "The One With", kwa kufuata jinsi watazamaji wenyewe wanavyoikumbuka sehemu fulani wanapoizungumzia: ile ambayo fulani alifanya jambo fulani. Hakuna mtu anayesema msimu wa tatu, sehemu ya kumi na tano. Kiswahili hufanya vivyo hivyo kwa amba- na o-rejeshi, kwa hiyo darasa halikuhitaji maelezo. Kila jioni sasa huanza kwa mshiriki kuulizwa, "Have you seen the one where…?", naye akimalizia mwenyewe. Mmoja alitunga za maisha yetu, "the one where the cook forgets the salt at Horombo", na kuanzia hapo mchezo ukawa wa darasa zima, kwa Kiingereza kilichotoka bila kusukumwa.

Jioni ya mabishano ilikuwa ya Ross na Rachel. Katika msimu wa tatu Rachel anasema wapumzike katika uhusiano wao, Ross analala na mwanamke mwingine usiku huo huo, na kwa miaka iliyobaki anajitetea kwamba walikuwa wamepumzika: "We were on a break!" Nilitarajia tugawanyike pande mbili. Tulipata pande nyingi, kwa kuwa akina mama wawili walishikilia kwamba kosa ni la marafiki waliokaa kimya, na Meku akauliza wazazi wa pande zote mbili walikuwa wapi na kwa nini hakuna mshenga aliyeitwa. "Where are the elders? Somebody has to call a meeting." Hakuna mtazamaji wa New York angelisema hilo, na mgeni yeyote angependa kulisikia.

Hata hivyo jioni hiyo ilitufunulia tabia inayohitaji kazi. Washiriki wanabishana wao kwa wao bila woga, lakini mwalimu mwenzangu anapojifanya mgeni, wote wanakubaliana naye. Akisema Ross hana hatia, hana hatia. Akisema ana hatia, anayo. Hii ni heshima kwa mgeni, nami siwezi kuiita kasoro, kwa sababu ndiyo inayowafanya wageni warudi. Lakini mgeni anayekubaliwa kila neno hupotewa na mwenza wa mazungumzo. Tunafanya mazoezi ya kutofautiana kwa adabu: "I see what you mean, but I'm on Rachel's side", "Really? I thought he was kind of selfish", na pale mtu asipoipenda tamthilia ya mgeni, "It's not really my thing, but my wife loves it". Yamewachukua muda kuyasema huku wakimtazama mtu usoni. Juzi mgumu kijana alimwambia mwalimu kwa utulivu, "I don't think so, teacher. He lied to her," akaeleza sababu zake mpaka mwisho.

Tumegusa pia adabu ya kutomwaga mwisho wa kisa. Swali la "How far are you?" huulizwa kabla ya kusimulia lolote.

Mwishoni mwa Mei

Tumehamia kwenye tamthilia za nyumbani, na hapa tulikuwa na tofauti ya mawazo kati ya wasimamizi. Wapo walioona kwamba mgeni hawezi kuzungumza kuhusu kitu ambacho hajawahi kukiona, na kwamba Jua Kali, Huba au tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zingebaki mazungumzo ya upande mmoja. Mimi naamini kinyume chake. Juu ya Friends mgeni anajua kuliko mwongozaji, na mwongozaji hubaki mwanafunzi. Juu ya Huba mwongozaji ndiye mwenye habari, na mgeni ana sababu ya kweli ya kuuliza. Tulijaribu kwa wale wageni wa kujitolea, na muda wa mazungumzo uliongezeka waziwazi kwa kila aliyejaribiwa.

Kazi mpya iliyozuka ni ya kueleza mambo ya kwetu kwa pumzi moja bila kuigeuza tamthilia kuwa mhadhara. Mahari ikitajwa, mgeni anahitaji sentensi moja tu: "His family has to bring something to her family first, cows or money, so that's why the uncles are all sitting there." Kisha kisa kiendelee. Vivyo hivyo mke mwenza, mirathi, na mganga anayeendewa usiku. Tunazitunga sentensi hizi pamoja na kuzikata mpaka zibaki fupi. Kwa kumfungulia mgeni mlango tunatumia "It's about this family in Dar", kisha jambo moja linalouma: nani anamficha nani nini.

Mwanzoni mwa Juni

Jaribio la nje limefanyika kwenye njia za vijijini Marangu, kupanda kuelekea ukingo wa msitu, kila mshiriki na mgeni mmoja. Darasani watu huketi wakitazamana. Njiani mwongozaji hutangulia na mgeni humfuata, nyuso hazionani, na kutikisa kichwa hakuna faida. Mshiriki aliyekuwa msikilizaji mzuri sana darasani alionekana njiani kama hasikilizi, na mgeni wake akaacha kusimulia. Kwa Kiswahili sote tunajua kumsindikiza msimuliaji kwa "enhee" na "ehee, ikawaje?" Tumewakumbusha waifanye kazi hiyo kwa sauti kwa Kiingereza, "Right", "Oh no", "So what did she do?", na waiseme wakiwa wamegeuza kichwa kidogo. Tofauti ilionekana siku hiyo hiyo.

Pumzi nayo ina sheria zake. Mgeni anayepanda hawezi kusema sentensi ndefu, kwa hiyo mwongozaji ndiye abebe usimulizi kwenye miinuko, na maswali ayaweke kwenye tambarare na mahali pa kupumzikia. Waongozaji wenye uzoefu walisema kuwa juu ya Horombo mazungumzo ya namna hii hupungua yenyewe na hayafai kulazimishwa. Mahali pake ni siku mbili za kwanza na siku za kushuka.

Katikati ya Juni

Makundi yameanza kupanda na viti vya darasa vinapungua watu. Karatasi za mazoezi ziko tayari, pamoja na ile ya maswali ya afya. Hatugawi nakala za tamthilia yenyewe. Tunatumia mistari mifupi ya mfano na mazungumzo tuliyoyatunga wenyewe, ambayo mtu anaweza kuyasikiliza kwenye simu akiwa kambini bila mtandao. Washiriki watano wameomba kila anayeshuka aandike kwenye kikundi chetu cha WhatsApp tamthilia ambazo wageni wake walizitaja, ili darasa la mvua za vuli lianze na zile zinazotazamwa sasa, nasi tumekubali. Ujumbe wa kwanza umefika leo asubuhi kutoka kwa yule mhudumu wa jikoni: mgeni wake ni mwalimu mstaafu kutoka Uholanzi, ametazama Friends yote, na anataka kujua Jua Kali inapatikana wapi ikiwa na maandishi ya Kiingereza. Mwalimu mwenzangu anaufuatilia ulizo huo, na rekodi za sauti za kueleza Jua Kali zitafanyika Jumamosi.